Siha ya Mwili na Utulivu wa Moyo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo kisha akampulizia roho. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo linalotukia ndani ya nyumba zetu, nalo halisemwi ila kwa kunong'ona. Mwanamke amejifungua salama. Mtoto ni mzima, mume ana furaha, majirani wamekuja na uji wa pilipili manga, na mkandaji anaingia asubuhi na jioni. Lakini mzazi mwenyewe amegeukia ukutani. Halali hata pale mtoto anapolala. Chakula hakimpiti kooni. Analia pasipo sababu awezayo kuieleza, na juu ya kulia kwake anaona haya, maana kila aingiaye anamwambia ashukuru. Ikifika siku ya ishirini, mmoja katika jamaa husema kwa sauti ya chini, "Huyu imani yake ni ndogo." Mwingine hujibu, "Huyu ana shetani." Na tangu siku hiyo yule mwanamke huwa na mizigo miwili: ule wa maradhi, na ule wa hukumu waliyompitishia watu wake.

Je, hivyo ndivyo dini yetu inavyotufunza? Tumtazame kwanza mzazi mmoja ambaye hapana Mwislamu awezaye kusema kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Katika Sura Maryam, tangu aya ya 23 hata ya 26, tunasimuliwa jinsi uchungu wa uzazi ulivyompeleka Bibi Maryamu kwenye shina la mtende, peke yake, mbali na watu wake. Hapo alitamani lau angalikuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile, akawa kitu kilichosahauliwa kabisa. Hilo ni neno zito. Lau angelisema mmoja wa binti zetu leo, nyumba nzima ingemkemea. Lakini Bibi Maryamu hakukemewa. Alinadiwa asihuzunike, akaambiwa kwamba chini yake umewekwa mto wa maji, akaambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, na jicho lake litulie. Kisha akaamrishwa kwamba akimwona mtu yeyote, aashirie kuwa ameweka nadhiri ya kutosema na mtu siku hiyo.

Tunaomba msikilizaji aufikiri mpango wa mambo hayo. Huzuni ilikuwa moyoni, na tiba ilianza kinywani, kwa maji na tende. Na kwa kuwa maneno ya watu yangalimzidishia dhiki, alisamehewa kuyajibu. Sisi katika nyumba zetu aghalabu tunafanya kinyume cha hayo: chakula tunampa, hilo ni kweli, wala hatusemi kwamba mama zetu ni wachoyo, lakini usingizi tunamnyima kwa wingi wa wageni, na kila mgeni ana nasaha yake, na kila nasaha inataka jibu.

Waganga wa hospitali leo wanaueleza hali huo kwa njia yao. Wakati wa mimba mwili wa mama hujaa vichocheo fulani, na mara tu baada ya kuzaa vichocheo hivyo hushuka kwa ghafla. Damu imepotea. Usingizi umekatikakatika usiku na mchana. Mambo hayo yote hufika kwenye ubongo, na ubongo ndio chombo ambacho kwacho tunafurahi na kuhuzunika. Wanawake wengi hulia-lia siku chache za mwanzo, kisha hali hiyo huondoka yenyewe kabla ya kutimia majuma mawili. Ikipita muda huo, hayo si machovu tena, ni maradhi, nayo huitwa sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, kiasi cha mwanamke 1 katika kila 5 waliojifungua hupatwa na maradhi ya nafsi, na mengi katika maradhi hayo ni sonona. Basi si jambo la nyumba moja. Mwenye mke au binti katika hali hiyo na ampeleke kliniki, wala asingoje arubaini iishe. Na iwapo mzazi anasema kwamba anataka kujidhuru, au kumdhuru mtoto, ni wajibu wa jamaa kumpeleka hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Mambo haya si mageni katika dini. Wanafunzi wanaosoma fiqhi wanayajua mahali pake, ila pengine hawajayakusanya pamoja. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kusali hali chakula kimekwisha kutengwa mbele yake, au hali anajizuia haja. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu akisinzia katika sala na alale kwanza mpaka usingizi umwishe, kwani mwenye kusinzia huenda akakusudia kuomba maghufira naye akajitukana mwenyewe. Na imepokewa na hao hao wawili kwamba kadhi asihukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika. Wanavyuoni wakaipanua hukumu hiyo, wakasema kadhi asihukumu vilevile akiwa na njaa kali, au kiu, au maumivu, au usingizi. Kwa nini? Kwa sababu tumbo tupu na jicho lililokesha huiharibu akili, na akili iliyoharibika huharibu haki za watu. Sharia iliutambua mwili kuwa ni mlango wa akili.

Tena iko habari ya Abdullah bin Amr bin Al-As, naye alikuwa kijana mwenye bidii kubwa ya ibada. Alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Habari ikamfikia Bwana Mtume (s.a.w.), naye akamwita, akamwonya kwamba akiendelea hivyo macho yake yatatota na nafsi yake itachoka, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Akamrudisha kwenye funga ya siku chache katika mwezi. Abdullah akaomba aongezewe, akaongezewa, hata akafika kufunga siku moja na kula siku moja. Alipokuwa mzee na nguvu zimempungukia, alikuwa akisema lau angaliikubali ile ruhusa ya mwanzo. Tuyaangalie yale maonyo mawili yaliyowekwa pamoja: macho yatatota, na nafsi itachoka. Hayakutenganishwa, kwani hilo la pili huzaliwa na hilo la kwanza.

Hapa tungependa kusema neno na vijana wetu wa shule na vyuo. Mwanafunzi anayekesha majuma mawili kabla ya mtihani, akajizuia usingizi kwa chai nzito au kwa mirungi, hudhani kwamba anaiongeza elimu. Lakini yale aliyosoma mchana hukaa imara katika kumbukumbu wakati amelala. Asiyelala huwa kama mtu atekaye maji kwa pakacha. Naye hatapoteza masomo tu: mtu mzima anahitaji kiasi cha saa 7 za usingizi au zaidi, na kijana anahitaji zaidi ya hizo, na mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu hujikuta ni mwepesi wa hasira, mwepesi wa hofu, na moyo wake huingiwa na giza asilojua limetoka wapi.

Tuligeuze sasa jambo lenyewe tulitazame upande wa pili, kwani kama mwili unavyoiumiza nafsi, nayo nafsi huuumiza mwili. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, kama ilivyo katika Sura Yusuf, aya ya 84. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na subira yake imesifiwa. Lakini subira haikuyazuia macho yasipofuke. Na Bwana wetu Mtume (s.a.w.) alifiwa na Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib karibu karibu, miaka kama mitatu kabla ya Hijra, na mwaka ule wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Basi asemaye kwamba Muumini wa kweli hahuzuniki, na ajiangalie anawasema akina nani.

Na huzuni ya kufiwa ilitibiwa vipi katika nyumba ya Mtume? Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.), akifiwa na mtu katika jamaa zake, alingoja wageni watawanyike wabaki watu wa nyumbani na walio karibu nao. Hapo aliamrisha ipikwe chungu ya talbina, nayo ni uji wa unga wa shayiri, mwepesi na mweupe kama maziwa, na pengine hutiwa asali. Akawaambia wale, kwani alimsikia Bwana Mtume (s.a.w.) akisema kwamba uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Tazama uangalifu wa maneno hayo: baadhi ya huzuni. Haikudaiwa kwamba uji utamrudisha aliyekwenda. Lakini mfiwa ambaye hajala tangu jana huzuni yake ni kubwa kuliko inavyostahiki kuwa, na jirani anayeleta bakuli la uji amefanya zaidi ya yule anayeleta hotuba. (Nasi wenye kuhutubu tumelikubali hilo.)

Wanavyuoni wa Kiislamu waliufuata mwendo huo katika vitabu vyao vya tiba. Tumtaje mmoja, maana jina lake halisikiki sana misikitini: Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi, aliyezaliwa katikati ya karne ya 9 katika kijiji cha upande wa Balkh, mji ulio katika nchi ya leo ya Afghanistan, akafariki mwaka 934. Alitunga kitabu alichokiita "Masalih al-Abdan wal-Anfus", yaani Maslahi ya Miili na Nafsi. Sehemu ya kwanza inaeleza makazi, mavazi, chakula, kinywaji, usingizi, kuoga na mazoezi ya viungo. Sehemu ya pili inaeleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Kuziweka sehemu mbili hizo ndani ya jalada moja lilikuwa ndilo kusudi lake, kwani aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi. Alieleza kwamba mwili ukiugua, nafsi hushindwa kufanya kazi zake. Na nafsi ikiumia, mwili haupati ladha ya chochote, na mwishowe nao huugua. Akaongeza jambo ambalo kila mwenye nyumba atalisadiki: huenda mtu akapitisha miaka bila ya kuugua mwilini, lakini hapana apitishaye siku nyingi bila ya kuguswa na ghadhabu, au hofu, au huzuni.

Huzuni yenyewe aliigawa mara mbili. Iko yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa na mpenzi au kupotelewa na mali. Na iko ile ambayo mwenyewe hajui imemjiaje, naye amekosa uchangamfu na hamu ya kila kitu. Hii ya pili, alisema, chimbuko lake ni mwilini, na dawa yake itafutwe huko pia. Aliitaja damu kuwa imechafuka au imepoa, na kwa maelezo hayo hapana daktari wa leo atakayekubaliana naye. Elimu ya tiba imekwenda mbele. Lakini kwamba mtu aweza kuhuzunika kwa sababu iliyo mwilini mwake, pasipo kosa lake, hilo lilisemwa na Mwislamu miaka zaidi ya 1,000 iliyopita. Alishauri pia kwamba kama vile mwenye busara awekavyo nyumbani dawa za dharura, na aweke akibani fikira njema alizozitayarisha siku ya uzima, apate kuzitumia siku ya msiba.

Elimu ya leo imefafanua zaidi. Ipo tezi mbele ya koo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu. Tezi hiyo ikilegea katika kazi yake, mtu huona baridi, huwa mzito, husahau, na moyo wake huinama. Watu wakadhani amechukia watu. Upungufu wa damu humchosha mtu hata akaitwa mvivu. Kipimo cha damu hospitalini kinaweza kuyadhihirisha hayo, nayo yana dawa. Ni hasara iliyoje mtu kunyweshwa kombe miezi sita, na aliyekuwa akimsumbua ni tezi yake!

Na kisukari ndicho kinachotuonyesha vizuri zaidi jinsi mambo haya yanavyozunguka. Mwenye kisukari huwa karibu zaidi na sonona, mara 2 hadi 3 kuliko asiye nacho. Chukua mfano wa mzee aliyeambiwa ana sukari. Amekatazwa halua na vingine alivyovizoea tangu ujana wake. Miguu inamchoma usiku, halali. Anaona amekuwa mzigo kwa wanawe. Moyo ukiisha kuvunjika, anaacha kutembea, anasahau vidonge, anakula lolote lililopo, maana kwake yote ni sawa. Sukari inapanda. Tena hofu na huzuni zenyewe huamsha zile tezi mbili zilizo juu ya mafigo, zikamwaga vichocheo ambavyo hupandisha mapigo ya moyo, na shinikizo la damu, na sukari pia. Sukari iliyopanda inamchosha, na uchovu unamzidishia huzuni. Wanawe nao humgombeza juu ya vidonge, wala hapana aliyemwuliza, "Baba, moyo wako u vipi?" Daktari akipima sukari peke yake hataona kwa nini dawa haifanyi kazi. Lakini mjukuu mmoja anayemshika mkono kila jioni wakaenda pamoja msikitini kwa miguu, wakarudi polepole wakizungumza, ameukata mzunguko huo mahali pawili kwa mara moja. Shirika la Afya Duniani linawahimiza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kila juma, na imethibiti kwamba mwendo hufaa sukari na hufaa sonona vilevile.

(Hapa tuseme kwamba hatupendezwi na wale wanaodai kuwa sala iliwekwa iwe mazoezi ya viungo. Sala ni ibada. Mwili ukipata faida ndani yake, hiyo ni fadhila juu ya fadhila.)

Huenda mtu akauliza: na kusomewa Kurani je? Jawabu letu ni kwamba kusomewa ni jambo lililothibiti katika Suna, na utulivu wa nyoyo kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu umetajwa katika Sura Ar-Raad, aya ya 28. Hatulikani hilo, wala hatumkatazi mtu. Tunachokikataza ni kumwambia mgonjwa aache vidonge vyake ili asomewe, kwani Bwana Mtume (s.a.w.) aliyesoma juu ya wagonjwa ndiye huyo huyo aliyewaamrisha watu wajitibu, na akafunza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia ponyo. Mwenye kifafa, mwenye sonona, mwenye kuchafukiwa na akili, wote hao dawa zao hazikatwi kwa ghafla ila kwa shauri la daktari, kwa sababu maradhi huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Na kumfunga mgonjwa kwa kamba au mnyororo nyuma ya nyumba, au kumpiga kwa kudai kwamba anayepigwa ni jini, hiyo ni dhuluma. Anayeumia ni mja wa Mwenyezi Mungu, na mifupa inayovunjika ni yake. Katika karne ya 13, Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo, wagonjwa wa akili waliwekewa sehemu yao ndani ya hospitali hiyo hiyo, pamoja na wenye homa na wenye maradhi ya macho. Hawakutupwa.

Limebakia jambo moja kwa ajili ya wenye kutumia dawa hizo, nalo ni funga ya Ramadhani. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185, nayo haikubagua baina ya maradhi ya mwilini na maradhi ya akilini. Baadhi ya dawa za maradhi ya akili huwa za hatari mwili unapopungukiwa na maji, na baadhi ya dawa za sukari huishusha sukari mno kwa asiyekula. Basi mwenye kutumia dawa hizo, au jamaa anayemtazama, na amwendee daktari wake katika mwezi wa Shaabani, kabla mwezi haujaandama, amwulize kama aweza kufunga na saa za dawa zigeuzwe vipi. Akiambiwa asifunge, na ale mchana bila ya kujificha na watu wa nyumbani mwake. Nao wasimfanye ajifiche.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, walioko Kidongo Chekundu na Mirembe na Mathari, na walioko majumbani ambao hapana ajuaye kuwa ni wagonjwa, na awape walezi wao nguvu ya mwili na upole wa moyo. Amin.